Kabla hujameza kidonge cha usingizi, hesabu asubuhi yako

Duka la dawa muhimu ninalofanyia kazi liko Mikindani, Mtwara, kando ya barabara iendayo Lindi. Wateja wa usingizi huanza kuja baada ya magharibi, na ninawajua kabla hawajafungua mdomo. Mwenye homa huja moja kwa moja dirishani. Mama wa mtoto anayeharisha huanza kueleza akiwa bado ng'ambo ya barabara. Huyu wa usingizi hungoja wenzake waishe, hujifanya anasoma bango la chanjo, kisha husogea na kusema kwa sauti ya chini: "Dada, vile vidonge vya kulalia vipo?"

Swali langu la kwanza huwashangaza. Siulizi amekesha siku ngapi, hilo litafuata. Nauliza, "Kesho asubuhi unafanya nini?"

Nauliza hivyo kwa sababu yalinikuta. Mama yangu alifariki Kitangari, kule juu Newala. Baada ya arobaini nilirudi kazini, lakini usiku ukiingia nilikuwa najigaragaza tu, nahesabu mabati. Nikaanza kumeza Piriton. Usiku wa kwanza kidonge kimoja, nikalala fofofo. Wiki ya pili viwili. Wiki ya tatu viwili pamoja na dawa ya mafua juu yake, maana niliona nayo inalegeza. Mimi, mtoa dawa mwenye cheti kimetundikwa ukutani.

Asubuhi moja, saa 2 hivi, akaja mama na mtoto wa miezi minane aliyeandikiwa amoksilini ya kuyeyusha: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nikahesabu vidonge vizuri tu. Nikachukua bahasha, nikaandika 2x3, kipimo cha bwana mmoja aliyemtangulia kwa dawa nyingine kabisa. Yule mama alikuwa keshafika mlangoni. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyesoma bahasha akageuka: "Anti, huyu mdogo ndiyo viwili kutwa mara tatu?"

Nilikuwa nimeamka, nimeoga, nimekunywa chai na mihogo. Sikujiona kama mtu anayesinzia. Kumbe kidonge cha jana usiku kilikuwa bado kiko kazini.

Sasa tuelewane, vidonge hivi ni nini hasa. Piriton, ambayo jina lake la kitaalamu ni klorofeniramini, ni dawa ya mzio: mafua ya vumbi, kuwashwa, vipele vya salfa wakati wa kupuliza mikorosho. Usingizi si kazi yake, ni athari yake ya pembeni ambayo watu wameigeuza kuwa shughuli. Marekani kuna ndugu zake wawili wa ukoo huohuo wanaouzwa bila cheti cha daktari kama dawa za usingizi kabisa, difenihidramini na doksilamini. Kwa mtu mzima kipimo cha ile ya kwanza ni mg 25 hadi 50 wakati wa kulala, na cha pili ni mg 25. Kwetu difenihidramini mara nyingi utaikuta imejificha ndani ya dawa ya kikohozi ya maji. Diazepamu, ile watu wanaita Valium, haimo kwenye mazungumzo haya. Hiyo ni ya cheti cha daktari, na ukiizoea kuiacha ni kazi nyingine. Ukiona duka linakumegea Valium kama pipi, badilisha duka.

Turudi kwenye asubuhi. Kwa mtu mzima wa kawaida, klorofeniramini huchukua kama saa 20 kupungua nusu mwilini. Ukimeza saa 3 usiku, kesho yake saa 11 jioni, wavuvi wanarudi na wanawake wanakwenda kununua samaki, nusu ya kidonge chako bado inazunguka kwenye damu. Saa 3 usiku ukimeza tena, unapakua chakula kipya juu ya kiporo. Difenihidramini hutoka mapema zaidi, nusu yake huondoka kwa saa 9 hivi, ila kwa wazee huchelewa.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa inavyozidi kurundikana, ndivyo ubongo unavyoizoea. Ndani ya siku tatu nne ule ulegevu mtamu wa usiku wa kwanza unafifia. Hapo mtu huongeza kidonge, kama nilivyofanya mimi. Usingizi hauongezeki sana, lakini mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu na akili inachelewa. Ukizidisha mno unafika kwenye kuweweseka, degedege na moyo kwenda mbio bila mpangilio. Watu wanadhani kwa kuwa inauzwa bila cheti, haina sumu.

Kwa hiyo nahesabu hivi na mteja. Kama kesho asubuhi unashika usukani, bodaboda, msumeno, mtambo, au mwili wa mtu mwingine kama mimi ninavyoshika, basi usiku huu si wa kidonge. Msimu wa korosho madereva wa malori yanayoteremka bandarini Mtwara huniomba sana. Wamelala vibaya kwenye foleni, wanataka usiku mmoja wa maana kisha waondoke alfajiri. Dereva akiniambia anaondoka keshokutwa, tunaongea. Akisema anaondoka saa 10 alfajiri, namwambia kaka, zima simu, funga kioo, lala hivyohivyo utakavyoweza. Usingizi mchache usio na dawa una nafuu kuliko usingizi mrefu unaoendelea mpaka Somanga, kule Kilwa.

Kuna kijana mmoja wa dagaa alinikasirikia kwa hesabu hii. Wiki za giza wao hukesha baharini na taa, mchana ndiyo wanalala. Mbalamwezi ikitoka wanakaa nyumbani, na mwili umeshazoea kukesha: saa 6 usiku macho makavu. Alitaka kidonge saa 5 usiku na saa 10 alfajiri aingie kwenye mashua kusaidia kuivusha. Saa tano tu katikati, tena amalizie ukingoni mwa mashua! Sikumpa. Nilimwambia siku mbili za kwanza za mbalamwezi ajizuie kulala mchana, akichoka kabisa apumzike nusu saa kabla ya adhuhuri, na asubuhi atoke juani hata kama amelala kwa saa mbili tu, maana mwanga wa asubuhi ndio unaourudisha mwili kwenye ratiba. Alisonya akaondoka.

Swali la pili ninalouliza ni: "Umekunywa nini, na unatumia dawa gani?" Hapa ndipo nusu ya wateja wangu wa usingizi huondoka bila kununua kitu, na bosi wangu angejua angeninyima chai.

Mzee mmoja, kanzu na bakora, alikuja kulalamika kwamba tangu mfungo mosi halali. Nikamwamkia, akaitika, nikauliza kuhusu kahawa.

"Kahawa nakunywa kidogo tu, mjukuu wangu. Pale barazani, tukitoka isha."

"Vikombe vingapi, babu?"

"Vile vidogo."

"Vingapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akawataja na wenzake aliokaa nao ili akumbuke nani alinunua awamu ipi. Vikafika saba. Kahawa chungu, ile inayobaki nyeusi kwenye kuta za kikombe. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa wengine zaidi, kwa hiyo vikombe vya saa 2 usiku ifikapo saa 7 bado nusu yake iko macho pamoja na babu. Chai ya rangi ina kafeini pia, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa bodaboda. Ukishaingia saa 8 mchana, achana navyo vyote kwa wiki moja kabla hujanunua chochote kwangu.

Dawa nazo zinakesha. Predinisoloni ukiimeza jioni itakukodolea macho. Kwa kawaida huliwa asubuhi baada ya chakula. Vidonge vya kukojoza maji, kama furosemidi, ukimeza jioni utalala chooni. Vidonge vya salbutamo vya pumu husababisha mtetemo na moyo kudunda. Baadhi ya dawa za mafua zina kafeini ndani, na nyingine zina dawa ya kuzibua pua inayochangamsha. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri naye anaweza kukosa usingizi. Huyo asiache hata dozi moja, aende kliniki yake ya CTC aombe ushauri wa kuhamishia dozi asubuhi. Mara nyingi kubadilisha saa tu kunamaliza tatizo.

Wapo ambao siwauzii hata wakinililia. Wa kwanza ni mtoto. Kila juma anakuja mama au dada wa kazi anataka Piriton ya maji "alale, anasumbua usiku". Mtoto anayelia usiku ana masikio, ana tumbo, ana njaa, au ana umri wake tu. Dawa hizi huweza kumgeuza mtoto akachachamaa badala ya kulala, na kwa mdogo zinaweza kumpunguzia pumzi. Promethazini ndiyo mbaya kabisa: mtoto wa chini ya miaka miwili haigusi. Dawa ya kumlaza mtoto mimi sina, na nikikusikia unaitafuta nitamfuata mume wako nyumbani. (Nimewahi. Mji wetu ni mdogo.)

Wa pili ni wazee, na hasa wanaume wenye tezi dume. Nilimwona mmoja wa Naliendele. Alipewa na mtoto wake vidonge vya mafua jioni mbili mfululizo ili alale. Siku ya tatu mkojo ukagoma kabisa, tumbo limejaa kama ngoma, mpaka akawekwa mpira hospitalini. Dawa hizi hulegeza msuli wa kibofu, na ile ya kuzibua pua iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya mafua hubana mlango wake. Wazee wa zaidi ya miaka 65 huchanganyikiwa nazo upesi, wakiamka usiku hawajui mlango uko wapi, na choo chenyewe kiko uani. Nyonga ikivunjika ndiyo mwanzo wa safari ya Ligula, hospitali ya mkoa.

Wengine nawataja harakaharaka: mwenye presha ya macho, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye pumu inayombana, anayekoroma huku pumzi inakatika katikati. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Anayenyonyesha ajue kwamba dawa inaweza kumlegeza mtoto na kupunguza maziwa.

Na pombe. Huku kwetu mabibo yakiiva, uraka unapatikana kila kona, na nipa haikosekani. Mtu anakunywa ili alale, analala kweli, saa 8 usiku anashtuka moyo unadunda, ndipo anakumbuka kidonge alichonunua mchana. Usithubutu. Pombe na kidonge hiki vyote viwili vinakandamiza ubongo na pumzi, vikikutana vinasaidiana. Ni vilevile kwa tramadoli, diazepamu, amitriptilini na dawa za kifafa. Kama unatumia mojawapo, nitajie hata kama unaona aibu. Siandiki popote.

Basi tuseme umevuka maswali yote. Wewe ni mtu mzima mwenye afya, una msiba, au mwanao anafanya mtihani, au umehamia nyumba mpya, au malipo ya mnada wa korosho yamechelewa na mdai anakupigia simu. Umekosa usingizi siku kadhaa, na kesho huna jambo la hatari. Hivi ndivyo nitakavyokufanyia.

Nitakuuzia vidonge vitatu, si karatasi nzima. Karatasi nzima ikikaa chini ya mto itamezwa. Nitakata upande wenye jina la dawa na tarehe ya kuisha muda, uondoke nao, na kwenye bahasha nitaandika 1x1 usiku. Kama ni klorofeniramini ni kidonge kimoja cha mg 4. Ukiwa umemeza dawa ya mafua au ya kikohozi siku hiyo, niletee boksi tulisome pamoja, kwa sababu nyingi zina dawa hiyohiyo ndani na utakuwa umekula mara mbili bila kujua. Zile za ng'ambo zenye maneno ya usiku kwenye boksi nyingi zina parasetamo ndani yake, nayo ina kikomo: mtu mzima asizidishe g 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya mg 500 kutoka vyanzo vyote.

Usiku wa kwanza uwe wa kuamkia siku isiyo na kazi. Kwanza maliza shughuli zote: ule, uswali, ufunge mlango, ushushe chandarua, uende choo. Weka tochi mahali mkono unafika. Kisha ndipo umeze, nusu saa kabla ya kulala, ukiwa na uhakika wa kulala kwa muda wa saa 8 nzima. Usimeze ukarudi kukaa na simu kungoja ikuangushe. Utapambana nayo, utaivuka ile saa ya usingizi, halafu utasema dawa ni feki. Mwezi wa Ramadhani ukihesabu daku la saa 10 alfajiri, utaona mwenyewe kwamba hesabu haitoshi.

Ukiamka saa 8 usiku, usiongeze kingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kidonge cha saa 8 usiku ni cha mchana wa kesho. Ukiona umekaa macho kama dakika 20 hivi, toka kitandani, kaa kwenye mkeka au kiti, taa hafifu, soma kitu au shika tasbihi, urudi usingizi ukikujia. Asubuhi amka saa ileile ya siku zote, hata kama umelala vibaya. Hilo la saa ya kuamka linaonekana dogo, lakini mimi ndilo lililoniponya nilipoacha Piriton, pamoja na kumsimulia dada yangu habari za mama kila jioni mpaka nilie niishe.

Usiku wa pili jaribu bila kidonge. Ukishindwa, wa tatu meza. Mtindo wa kuruka siku unapunguza kiporo na unauzuia ubongo kuzoea. Vidonge vitatu vikiisha ndani ya wiki, pumzika. Vibandiko vya dawa za Marekani vinasema kukosa usingizi kukizidi wiki mbili umwone daktari. Mimi kwa wateja wangu huishia wiki moja. Usiku wa kwanza au wa pili baada ya kuacha unaweza kuwa mbaya. Ni kawaida, hupita.

Wenye ndugu ughaibuni huniletea chupa za melatonini. Hiyo ni homoni ambayo ubongo hutoa giza likiingia, na inafaa zaidi kwa aliyevurugika ratiba, kama msafiri wa ndege ndefu au mfanyakazi wa zamu. Marekani inauzwa kama kirutubisho, Uingereza inahitaji cheti. Shida ni kilichomo: mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima aina 31, na moja ikakutwa na zaidi ya mara tano ya kiasi kilichoandikwa. Ukiwa nayo, anza na kidogo, mg 1 au chini yake, mapema jioni, na masharti ya usukani na pombe ni yaleyale.

Nenda hospitali, usije kwangu, kama kukosa usingizi kumekuja na kukata tamaa au mawazo ya kutotaka kuishi. Kama ukilala chali pumzi inabana. Kama hujalala siku kadhaa na bado una nguvu za ajabu, unaongea bila kukoma na unagawa pesa. Kama umejifungua karibuni na huwezi kulala hata mtoto akilala. Na kama imefika miezi mitatu, usiku tatu au zaidi kila wiki, hilo si la kidonge cha duka tena. Ukienda, beba bahasha na maboksi yote ya ulivyokuwa ukimeza, tiba za asili zikiwemo, na karatasi yenye saa ulizolala na kuamka kwa wiki moja. Daktari ataanzia hapo.

Yule babu wa kahawa alirudi baada ya siku kumi hivi kunijulisha kwamba analala. Sasa anakunywa viwili, tena baada ya alasiri, isha ikitoka anakwenda zake nyumbani. Muuza kahawa ameshajua maneno yalianzia wapi. Nikipita na baiskeli anageuza uso, anajifanya anapuliza makaa.